Msomaji Anauliza: Mashine Inayobashiri Maneno

Safari hii ukurasa wote tumewaachia wenye maswali kuhusu akili mnemba, ambayo wengine mnaiita akili unde na wengine AI tu. Barua tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

Mwenye duka la vipuri vya pikipiki, Tabora: *Kijana wangu wa dukani anaiuliza simu kila kitu, nayo inamjibu kama mtu. Je, inatafuta Google na kupanga maneno vizuri, au inajua yenyewe? Na mbona ukiiuliza swali lilelile mara mbili inatoa majibu mawili?*

Kamilisha hii: haraka haraka haina... Neno limeshakujia, wala hukufungua kitabu. Umeisikia methali hiyo mara nyingi mno hata mwisho wake unakuja wenyewe. Modeli ya lugha, ambayo ndiyo injini iliyomo ndani ya ChatGPT, Gemini, Claude na wenzao, inafanya kazi ya namna hiyo. Inapokea maneno yaliyotangulia, inapiga hesabu ya uwezekano wa kila kipande cha neno kinachoweza kufuata, inachagua kimoja, inakibandika mwishoni, kisha inaanza hesabu upya. Kipande kwa kipande, mpaka jibu liishe.

Uwezo huo unajengwa kwa hatua mbili. Kwanza modeli inalishwa maandishi mengi kupita kiasi: kurasa za intaneti, vitabu, hata programu za kompyuta. Kila inapokosea kubashiri neno linalofuata, namba zilizomo ndani yake, ziitwazo vigezo, zinasogezwa kidogo. GPT-3 ya mwaka 2020 ilikuwa na vigezo bilioni 175. Muundo unaotumika, uitwao transfoma (si ile ya umeme), ulichapishwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Nguvu yake ni kwamba kila neno linapimwa kwa uhusiano wake na maneno mengine yaliyopo kwenye mazungumzo, hata yaliyo mbali nalo, si lile la jirani tu. Hatua ya pili inafanywa na watu. Wanaandika majibu ya mfano, wanapanga lipi bora kuliko lipi, wanatia alama kwenye matusi na ukatili ili mashine ijifunze kuyakwepa. Sehemu ya kazi hiyo chungu ilifanyika Nairobi, na vijana walioifanya walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Wanastahili kutajwa kila tunapoisifu mashine kwa adabu yake.

Majibu mawili kwa swali moja yanatokana na ule uchaguzi wa kipande kinachofuata. Kama neno la kwanza katika orodha lina uwezekano wa asilimia 60 na la pili asilimia 25, mashine haichukui la kwanza siku zote. Inachagua kama kwa bahati nasibu, na la pili hushinda mara mojamoja. Neno moja likibadilika mapema, sentensi yote inashika njia nyingine.

Kuhusu Google: baadhi ya programu zinaweza kutafuta kwenye intaneti kabla ya kujibu, na zikifanya hivyo huonyesha viungo vya kurasa zilizosomwa. Visipokuwepo viungo, chukulia kwamba jibu limetoka kwenye kumbukumbu ya mafunzo, na kumbukumbu hiyo ina tarehe ya mwisho: yaliyotokea baada yake haiyajui. Na viungo vikiwepo, fungua angalau kimoja uone kama kinasema kilichodaiwa.

Kwa biashara yako hatari iko kwenye namba. Muulize fundi "karbureta inafanya nini" na uiulize simu vilevile: majibu yatafanana, kwa kuwa jambo hilo limeandikwa mara nyingi sana. Lakini iulize namba kamili ya plagi ya pikipiki fulani ya mwaka fulani, nayo inaweza kukutungia namba yenye herufi na tarakimu zinazokaa vizuri kabisa, isiyokuwa ya pikipiki hiyo, au isiyokuwepo kabisa. Haikusudii kudanganya. Imebashiri umbo la namba kama ilivyobashiri maneno. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizitunga, zikiwa na majina na namba za kupendeza. Mwambie kijana wako: maelezo aulize simu, namba asome kwenye kipuri chenyewe au katalogi ya mtengenezaji.

Mama, Mombasa: *Mwanangu yuko Muscat kikazi. Jirani yangu alipigiwa simu na sauti ya mwanawe akilia anataka pesa, kumbe si yeye. Kweli sauti ya mtu yaweza kuigwa hivyo? Nami wangu nitamjuaje?*

Yaweza, mama. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha mfumo uitwao VALL-E unaoiga sauti ya mtu kwa kusikiliza sekunde 3 tu. Ujumbe mmoja wa sauti kwenye kundi la WhatsApp, au video fupi ya TikTok, unazidi hapo. Tapeli anaandika maneno, mashine inayasoma kwa sauti ya mwanao. Hata picha haitoshi kuwa ushahidi: mwanzoni mwa 2024 polisi wa Hong Kong walieleza jinsi mfanyakazi wa kampuni moja alivyohamisha kiasi cha dola milioni 25 baada ya kikao cha video ambacho wakubwa wake wote waliokuwa kwenye skrini walikuwa wa kutengenezwa.

Usitegemee sikio. Ni kweli kwamba mara nyingi sauti ya kuigwa huchelewa kidogo kujibu, na ukiikatiza katikati haigeuki upesi kama mtu. Ndiyo maana matapeli hupiga simu fupi, yenye kilio, kelele na "mtandao mbaya", kufunika kasoro hizo. Lakini kasoro zinapungua kila mwaka. Tegemea utaratibu.

Wewe na mwanao chagueni neno la siri. Chagueni wakati yuko nyumbani, au kwenye simu ambayo wewe umeipiga. Lisiandikwe popote, lisiwe jina la shule wala la mtoto wala la mtaa, kwa kuwa hayo yako Facebook. Neno la ajabu ajabu la nyumbani kwenu ndilo zuri zaidi. Akipiga mtu kwa shida ya pesa, muulize neno. Hata akilia. Mwanao wa kweli hatakasirika.

Halafu kata simu. Mpigie wewe kwa namba yake uliyoihifadhi siku zote, si ile iliyokupigia, maana namba inayoonekana kwenye skrini nayo inaweza kughushiwa. Asipopatikana, mpigie anayeishi naye au anayefanya naye kazi. Omba namba mbili za wenzake leo, kabla hujazihitaji. Tapeli atakuambia usikate, kuna polisi, kuna hospitali, dakika zinakwisha. Haraka hiyo ndiyo mtaji wake wote.

Ukituma kwa M-Pesa, lisome jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha. Na kama pesa zimeshatoka, usipoteze muda kulaumiwa au kujilaumu: palepale peleka ujumbe wa muamala kwa 456 kuomba urejeshewe, na namba ya tapeli iripoti kwa 333. Zikishatolewa kwa wakala ni vigumu mno kurudi. Wasomaji wetu wa Tanzania, namba ya tapeli hupelekwa 15040, na kwa kupiga \*106# utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ikiwemo ile usiyoijua.

Mkulima wa mihogo, Mkuranga: *Bwana shamba wetu ana vijiji vingi, msimu unakwisha hatujamwona. Nasikia simu inaweza kutambua ugonjwa wa mihogo. Ni kweli? Na inakula bando?*

Ni kweli, na katika matumizi yote ya akili mnemba tunayoyafahamu hapa kwetu, hili ni mojawapo ya yale tunayoyaheshimu zaidi. Programu inaitwa Nuru, imo ndani ya PlantVillage, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo IITA na shirika la FAO. Inazungumza Kiswahili. Bando unalihitaji siku ya kuipakua tu. Baada ya hapo modeli imo ndani ya simu na inafanya kazi shambani pasipo mtandao. Kwa mihogo inatambua batobato, michirizi ya kahawia na madhara ya utitiri wa kijani.

Inapatia kiasi gani? Katika majaribio ya shambani yaliyochapishwa mwaka 2020, kwa kuangalia jani moja Nuru ilipatia asilimia 65. Maafisa ugani walipatia kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Ilipoonyeshwa majani 6 ya mmea uleule ilipanda hadi kati ya 74 na 88. Soma tena namba hizo, maana siri yote iko kwenye jani la pili hadi la sita. Anayepiga jani moja na kuondoka ametumia nusu ya chombo.

Futa lenzi ya kamera kwa kitambaa laini. Nenda asubuhi au siku ya mawingu. Jua la utosini linaunguza rangi kwenye picha, na kivuli chako mwenyewe kinaweza kuonekana kama doa. Shika jani likiwa bapa, lijaze fremu, majani mengine yasiingie. Chagua 2 ya juu, 2 ya kati, 2 ya chini. Kuna sababu: batobato hujionyesha zaidi kwenye majani machanga, yakiwa yamekunjamana na kuwa na mabaka ya njano na kijani, ilhali michirizi huanza kwenye majani yaliyokomaa ya chini, njano ikifuata mishipa. Ukipiga ya juu peke yake utaikosa michirizi kila siku. Kisha usipime mmea mmoja ukahukumu shamba. Vuka shamba kwa mistari miwili ya mshazari kama herufi X na upime mimea 30, ukiandika kwenye daftari mmea upi umeambiwa nini.

Sasa makosa. Modeli ya picha imefundishwa kwa makundi yake machache, na ukiionyesha kitu kisichokuwa katika makundi hayo inaweza kukilazimisha kuingia mojawapo. Jani la njano kwa kukosa madini ya zinki, au lililorukiwa na dawa ya kuua magugu, linaweza kuitwa gonjwa. Pili, simu haioni chini ya ardhi. Mhogo wenye michirizi unaweza kuwa na majani ya kuridhisha huku mizizi ikioza. Ng'oa shina moja, kata mzizi vipande kuanzia kichwani hadi mkiani. Ukikuta mabaka makavu ya kahawia ndani ya nyama nyeupe, hilo ndilo jibu, hata kama simu imesema mmea ni mzima.

Tatu, na hili tunalisema kwa msisitizo: ukichukua jina la ugonjwa ukaiuliza programu ya kuzungumza kama ChatGPT "nipulize dawa gani", inaweza kukutajia dawa ya ukungu, kwa sababu kwenye maandishi mengi iliyoyasoma, ugonjwa wa mmea hufuatwa na jina la dawa. Batobato na michirizi ni virusi. Hakuna dawa ya kupuliza inayoviponya. Vinaenezwa na inzi weupe na vinaenezwa na mikono yetu kupitia vipandikizi. Ng'oa mimea iliyoambukizwa mapema, chagua vipandikizi kwenye mashina yaliyopimwa yakawa safi, ulizia mbegu inayostahimili. Pesa ya dawa ibaki mfukoni.

Mwalimu wa sekondari, Morogoro: *Insha za wanafunzi wangu zimekuwa safi ghafla na zinafanana. Kuna programu ya kuaminika ya kutambua maandishi ya AI?*

Hakuna, mwalimu, na tunakuomba usimwadhibu mtoto kwa ushahidi wa programu hizo. OpenAI yenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa kitambuzi chao Januari 2023. Kilikamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, wakakiondoa Julai mwaka huohuo. Baya zaidi, watafiti wa Stanford walijaribu vitambuzi kadhaa mwaka 2023 kwa insha zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na zaidi ya nusu ya insha hizo za haki ziliitwa za mashine. Sababu ni kwamba vitambuzi hutafuta maneno yanayotabirika, na mtu anayeandika lugha aliyojifunzia darasani huchagua maneno salama, yanayotabirika. Wanafunzi wako wako hapohapo.

Kinachofaa ni kubadili kazi. Aya ya kwanza iandikwe darasani kwa dakika 20, simu zikiwa mezani kwako, na insha ya nyumbani iendeleze aya hiyo. Dai rasimu yenye maneno yaliyokatwa na kusahihishwa. Mpe kila mmoja dakika 3 za kueleza kwa mdomo kwa nini alipanga hoja zake hivyo. Aliyeandika anaeleza, asiyeandika anakariri. Toa mada yenye mambo ya mtaani kwenu ambayo hayajaandikwa popote. Na siku moja igeuze meza: wape insha iliyotungwa na mashine, kalamu nyekundu mkononi, waisahihishe. Watakuta vitabu visivyokuwepo na miaka isiyolingana.

Mhasibu wa kampuni ndogo, Arusha: *Naweza kuiamini kwenye hesabu za VAT?*

Kuandika fomula ya Excel, ndiyo. Kukokotoa yenyewe kichwani, hapana. Kosa la kawaida ni hili: unaipa bei ya 118,000 yenye VAT ndani yake, inachukua asilimia 18 ya jumla na kukupa 21,240. Jibu sahihi ni 118,000 gawanya kwa 118 zidisha kwa 18, yaani 18,000. Iambie waziwazi kama kodi imo ndani ya bei au inaongezwa juu, iagize ionyeshe hatua, halafu rudia kwa kikokotoo. Na viwango vya kodi usiulize mashine hata kidogo. Sheria ya Fedha hubadilika kila mwaka kuanzia tarehe 1 Julai, na kumbukumbu ya modeli huenda iliishia kabla ya hapo. Bandika kifungu cha sheria cha mwaka huu ndani ya swali, kisha uulize.

Muuza nguo, Nakuru: *Programu ya mkopo imeninyima kwa sekunde chache, bila sababu. Nani ameamua?*

Modeli ya alama za mkopo. Si ya kuzungumza. Hii ni ndugu yake wa zamani, na imekuwa ikiamua mambo yetu kabla ya ChatGPT kuzaliwa. M-Shwari ilianza Novemba 2012 ikitumia historia ya mteja kwenye simu. Modeli inachukua ulivyoweka na kutoa pesa, muda uliokaa na laini, ulivyolipa mikopo iliyopita, na taarifa za CRB, yaani kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, inalinganisha na wakopaji wa nyuma, inatoa namba. Namba ikiwa chini ya mstari, umekataliwa. Haikujui wewe. Inajua watu waliofanana nawe kwa takwimu, na ndiyo sababu mfanyabiashara mwaminifu aliyebadilisha laini mwezi jana anaweza kuonekana kama mgeni wa kutiliwa shaka.

Una haki hapa. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinasema uamuzi unaokuathiri kwa kiasi kikubwa ukifanywa na mashine peke yake, ujulishwe kwa maandishi, nawe unaweza kuomba ufikiriwe upya au ufanywe uamuzi mwingine usiotegemea mashine pekee. Andika barua pepe: tarehe ya ombi, kiasi, namba uliyotumia, na ombi lako kwa kutaja kifungu hicho. Wasipojibu, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kabla ya hapo chukua ripoti yako ya CRB, ambayo una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Deni dogo ulilolisahau, au lililolipwa lakini halikufutwa, huwa limekaa pale. Angalia pia kama mkopeshaji yumo kwenye orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu. Asipokuwemo, usimtumie kitambulisho chako tena. Wasomaji wa Tanzania wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake.

Baba wa mtoto wa miaka 2, Kigoma: *Usiku mtoto ana homa na zahanati imefungwa. Naweza kuiuliza simu kipimo cha dawa?*

Tukuonyeshe hesabu, uone kosa linapojificha. Mtoto wa kilo 12. Paracetamol hutolewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hiyo 120 hadi 180 kwa mara moja, na si zaidi ya mara 4 kwa saa 24. Chupa iliyoandikwa 120 mg kwa 5 ml: utampa ml 5 hadi 7.5. Mashine inaweza kukupa jibu hilo vizuri kabisa. Lakini kama chupa iliyo mkononi mwako ni ya 250 mg kwa 5 ml, ml 7.5 zina miligramu 375, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha juu. Kwa hiyo jibu la mililita lililotolewa bila kujua chupa yako ni la hatari, hata kama limeandikwa kwa upole wa daktari. Kipimo kisome kwenye karatasi ya dawa, tumia bomba la sindano lisilo na sindano au kijiko cha dawa, si kijiko cha chai.

Na kushuka kwa homa si kupona. Kwenye maeneo yetu mtoto mwenye homa anahitaji kipimo cha haraka cha malaria ndani ya saa 24, na hilo simu haiwezi. Akiwa na degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au kupumua kwa shida, usiandike swali lolote. Mpeleke hospitali usiku huohuo.

Msomaji, Dodoma: *Kile kiduara cha Meta AI kwenye WhatsApp kinasoma meseji zangu?*

Mazungumzo yako na watu yamefungwa kwa usimbaji, yaani yamegeuzwa mafumbo yanayofunguka kwenye simu zenu tu, kampuni haiyasomi. Lakini unachomwandikia Meta AI mwenyewe, au unachomwita akisome ndani ya kundi, kinaifikia kampuni. Kwa hicho na kwa programu nyingine yoyote ya aina hii, usibandike namba ya NIDA, PIN, majibu ya vipimo vya mtu mwingine, wala mkataba wa mwajiri wako. Kwenye ChatGPT ingia mipangilio, sehemu ya udhibiti wa data, uzime ruhusa ya kutumia mazungumzo yako kuboresha modeli.

Mfasiri, Unguja: *Kwa nini Kiswahili chake ni kibovu kuliko Kiingereza chake, na nifanye nini ili kinifae?*

Kwanza ni chakula. Wikipedia ya Kiingereza ina makala zaidi ya milioni 6. Ya Kiswahili haijafika laki 2, na uwiano wa intaneti nzima ni mbaya zaidi. Pili ni kisu. Mashine haisomi maneno, inasoma vipande viitwavyo tokeni, na vipande hivyo vilichongwa zaidi kutokana na Kiingereza. "Hawatatusaidia" ni neno moja lenye nafsi, wakati, mtendwa na kitenzi, kila kiungo na kazi yake. Mashine inaweza kulikata mahali pasipo na kiungo, kama mtu asiyejua maungio anayemkata kuku. Vipande vinakuwa vingi, gharama inapanda, na mazungumzo marefu yanajaa upesi.

Makosa yanayotokana na hayo yana sura zake, na mfasiri akizijua atazikamata. Upatanisho wa ngeli huvunjika sentensi ikirefuka: inaanza na "gari hilo" na kumaliza na "imefika". "Uncle" wa Kiingereza anakuwa mjomba daima, hata kama matini inaonyesha ni ami, ndugu wa baba. Wifi na shemeji huchanganywa. "Yeye ni daktari" ikienda Kiingereza inakuwa mwanamume, "yeye ni muuguzi" inakuwa mwanamke, ingawa hatukusema lolote. Na saa! Ukiiambia ikukumbushe saa 2 asubuhi inaweza kukuamsha usiku wa manane, kwa kuwa kwake 2 ni 2. Kwenye ratiba, andika 08:00.

Usiiombe "tafsiri hii" ukaishia hapo. Ipe ukurasa mmoja wa Kiswahili unachokipenda kama kielelezo, orodha ya istilahi zako 20 au 30, na maelezo ya nani ni nani katika matini: huyu ni ami, huyu ni wifi, daktari ni mwanamke. Tuma aya 3 au 4 kwa mara moja, si sura nzima. Kisha ondoa matini ya Kiingereza mbele yako na usome tafsiri kwa sauti. Sentensi inayokukwama ulimini ina Kiingereza chini yake. Iandike upya wewe, usiirudishe kwa mashine.

Chakula nacho kinaweza kuongezwa. Mtandao wa watafiti wa Kiafrika uitwao Masakhane umekuwa ukikusanya na kusahihisha data za lugha zetu, na mradi wa Common Voice wa Mozilla unapokea sauti za Kiswahili: unasoma sentensi fupi mbele ya simu, mwingine anasikiliza na kuthibitisha kama umesoma kilichoandikwa. Sauti za Unguja, Pemba, Lamu, Lubumbashi na Bujumbura zote zinahitajika, kwa sababu mashine iliyosikia lafudhi moja inawaandika wengine vibaya.